Picha Mbili za Kupoteza

Haya, mmenikalisha, nami nimekaa. Vijana wa kwaya mmekuja watano na simu tano, mnataka babu awaeleze kazi ya picha ilikuwaje zamani. Nimekohoa tu kusafisha koo, tayari mmeshanipiga kumi na moja. Nimehesabu. Kwenye moja nina kijiko mdomoni. Enzi zetu picha kumi na moja ilikuwa harusi nzima, na keki ndani yake, na mama mkwe akiwa amenuna pembeni.

Anayetaka kurekodi arekodi, ila msinikatize. Nikikatizwa nasahau, nikisahau naanza upya.

Mimi ni Mhehe. Nasema mapema ili Wangoni mliomo humu mcheke mmalize. Babu zetu walipigana mpaka wakachoka, wakaona bora wabaki kutaniana, na tangu hapo Mngoni akifiwa, Mhehe anaruhusiwa kuingia msibani na kusema upuuzi wowote, na hakuna wa kumtoa. Nilikuja Songea kutoka Iringa nikiwa kijana mwenye koti moja, kujifunza kazi kwa Mzee Otmar. Studio yake ilikuwa Msamala: chumba cha mbele cha kupigia picha, chumba cha nyuma cha giza cha kusafishia. Mzee Otmar alikuwa mfupi, mkali, kitambi kimetangulia. Siku ya kwanza aliniangalia juu mpaka chini akasema, "Mtani, humu ndani kuna dawa za picha. Ukizinywa ukidhani ni ulanzi, mimi sikuziki." Nikajua hapa nimefika nyumbani.

Alikuwa na sheria mbili. Ya kwanza ilikuwa ya mteja: "Funga mdomo, fungua macho." Kucheka marufuku. Kupigwa picha ilikuwa jambo la heshima, kama kwenda kuungama, na ukicheka alishusha kamera akasubiri mpaka utubu. Ndiyo maana mababu zenu wote ukutani wana sura za watu waliopokea barua ya kufukuzwa kazi. Msidhani walikuwa na huzuni. Walikuwa wanamwogopa Mzee Otmar.

Sheria ya pili ilikuwa yangu mimi fundi: mbili za kupoteza. Hii sikilizeni vizuri, maana hadithi yote inaning'inia hapo. Filamu ilikuwa imeviringwa ndani ya kikopo kidogo, na ulimi umetokeza nje. Unavuta ule ulimi, unaupachika kwenye kamera, unafunga mgongo wa kamera. Lakini wakati unahangaika hivyo, ule mwanzo wa filamu umeshaona mwanga, umeungua. Kwa hiyo kabla ya kuanza kazi unafyatua mara mbili bila kulenga kitu, ili filamu isogee, ifike pale palipo safi. Unaelekeza popote, kwenye ukuta, kwenye kuku, kwenye miguu yako mwenyewe. Hizo mbili hazihesabiwi, hazisafishwi kwenye karatasi, hakuna anayezitazama. Ni za kupoteza.

Mimi ujuaji ulinijaa, nikaona ule ni ufujaji tu. Harusi ya kwanza niliyotumwa peke yangu, huku huku Matogoro, sikupoteza hata moja. Bwana na bibi harusi wakatoka kanisani, nikafyatua ya kwanza kwa madaha. Lo! Picha ilipotoka, bwana harusi yumo mzima, na tai yake, na ua lake kifuani, ameshika mkono wa moto mweupe. Bibi harusi ameungua wote, kuanzia shela hadi viatu. Bwana harusi akaigeuza nyuma, akaigeuza mbele, akauliza, "Mke wangu yuko wapi?"

"Ameyeyuka," akasema Mzee Otmar. "Huyu Mhehe kamyeyusha."

Mashemeji walinikimbiza mpaka sokoni. Toka siku hiyo naweza kusahau sala zangu za asubuhi, lakini mbili za kupoteza sijazisahau.

Jambo lingine la studio ile lilikuwa pazia. Ukutani nyuma ya kiti cha mteja Mzee Otmar alitundika pazia kubwa lililochorwa meli. Aliyeichora hakuwa ameiona meli, alisimuliwa. Moshi ulielekea kulia, bendera ikaelekea kushoto, na ubavuni kulikuwa na dirisha lenye pazia la maua kama la sebule. Watu waliipenda hiyo meli vibaya sana. Walitoka vijijini, wamepaka mafuta, wakafika kwenye kiti wanasema, "Fundi, mimi nikae hapa kwenye mlango wa kuingilia." Songea nzima ilisafiri kwa meli ile bila kulowa mguu.

Sasa nifike kwenye meli ya kweli. Jina lake silitaji. Wa rika langu wanalijua, na wengine mpaka leo wakishuka Mbamba Bay hawalitamki karibu na maji. Ilizama Ziwa Nyasa mchana kweupe, katika upepo, mwaka ambao mimi nilikuwa nimeoa juzi juzi tu. Wanaosimulia ajali kubwa husimulia chombo: kilibeba kiasi gani, upepo ulitoka wapi, nahodha alikosea wapi. Mimi hayo siyajui. Mimi najua watu, kwa sababu baadhi yao niliwafunga vifungo vya shati kwa mkono wangu, wakikaa mbele ya lile pazia.

Parokia yetu walipanda watu kumi. Alikuwepo mama aliyekuwa anampelekea dada yake cherehani, akakataa isiwekwe na mizigo, akaipakata kama mtoto. Alikuwepo kijana aliyekuwa anakwenda kujitambulisha ukweni, na kofia mpya na majogoo wawili, na majogoo hao walishapigana njiani tangu Mbinga. Alikuwepo mwalimu aliyehamishiwa huko mwambao, na baiskeli yake. Na alikuwepo Alfonsi seremala, na milango sita.

Alfonsi alikuwa fundi wa milango hakuna mfano. Mlango wake ulifunga kwa sauti ya chini, kama mtu mwenye adabu. Milango ile sita ilikuwa ya kanisa jipya huko ziwani. Yule mwalimu ndiye pekee aliyerudi kati ya kumi wetu, na alitusimulia kwamba mara ya mwisho kumwona Alfonsi, alikuwa anagombana na mabaharia, anawaambia milango yake isilazwe kifudifudi itakwaruzika. Meli ilipolala ubavu, milango ikatoka, ikaelea. Mwalimu alishika mmoja. Watu wengine wawili, wageni kabisa, walishika mwingine. Wote watatu wakafika nchi kavu wamekumbatia kazi ya Alfonsi. Alfonsi mwenyewe hakufika. Hata miili ya wale wetu tisa haikupatikana.

Mzee Otmar aliposikia habari alikwenda kwenye pazia, akalitazama. Halafu akaligeuza, meli ikaangalia ukutani, sisi tukabaki na mgongo wa kitambaa.

Padri akatangaza misa ya marehemu Jumapili. Kwa kuwa hakuna majeneza, meza itawekwa mbele ya altare, itandikwe kitambaa cheupe, na kila familia ilete picha ya mtu wao. Jumatano Melania, mke wa Alfonsi, akaingia studio. Alikuwa na mimba kubwa. Hakulia, alikaa tu kwenye kiti cha wateja.

"Mtani," akaniambia, "mume wangu hana picha. Wenzangu wanane wote wanazo. Katekista kasema kama sina, ataandika jina kwenye karatasi. Sitaki mume wangu awe karatasi."

Kweli Alfonsi hakuwa na picha. Alikuwa hapendi. Ukimwambia akae, alijibu, "Picha za watu hubandikwa polisi na kanisani, na kote huko sina haraka." Nikamwambia Melania kwa moyo mweupe kabisa, "Dada yangu, mimi sijawahi kumpiga Alfonsi picha hata moja." Liwekeni hilo neno moyoni, mtaliona linavyonirudia.

"Basi mtengenezeni," akasema. "Yupo mdogo wake Gaudensi. Wamepishana mwaka mmoja. Na mtoto huyu aliye tumboni akizaliwa, nimwonyeshe nini?"

Mzee Otmar akavua miwani, akaifuta, akavaa, akasema, "Mleteni huyo Gaudensi."

Gaudensi alikuja anatetemeka. Kukaa ili upigwe picha ya marehemu si mchezo. Akasimama mlangoni, akatoa sharti: "Nipigeni kwanza mimi nikiwa hai. Iwe ushahidi. Halafu ndiyo mnipige nikiwa kaka." Akaogopa kifo kisije kikachanganya. Basi tukampiga ya kwanza akiwa hai, amekaza macho kweli kweli ili kifo kione. Halafu tukampiga ya pili akiwa Alfonsi, akawa ameficha mkono nyuma anajifinya, ili asisahau kwamba ni yeye.

Nikaikuza ile ya pili. Kazi ikawa ya wembe, wino na brashi ya nywele tatu. Palipozidi weusi unakwangua taratibu kwa ncha ya wembe, palipopungua unaweka wino, na ukipiga chafya umeua mtu mara ya pili. Sasa habari ikaenea Msamala kwamba studio wanamtengeneza Alfonsi, na kila aliyemjua akaja kutoa maoni. Chumba kikajaa kama mkutano wa hadhara. Mwalimu alikuja na mkono umefungwa bendeji, akasema pua ilikuwa nene zaidi. Mama mmoja muuza togwa akasema si kweli, pua ilikuwa ya kawaida, kilichokuwa kinene ni nyusi. Gaudensi akasema sikio la kaka yake lilisimama. Mzee mmoja akasema lililosimama ni la kushoto tu, kwa sababu ya penseli aliyozoea kuichomeka hapo. Nikapandisha sikio, nikalishusha, nikalipandisha. Mzee Otmar alikaa kama hakimu, akipiga meza: "Sikio limepita! Tunaingia kwenye kidevu!"

Na watani wangu hawakuniacha. "Mhehe, mbona unamchora kama mjomba wako?" Nami nikawajibu kwamba nikimchora kama Mngoni kichwa kitachukua karatasi yote. Tulicheka siku tatu, wanangu, na katikati ya kicheko kila mara kulikuwa na mtu anatoka nje, anarudi macho mekundu.

Melania alisema neno moja tu siku zote hizo. Alisema, "Ana mwanya."

Mzee Otmar akamjibu kwa upole, "Mama, mwanya uko ndani. Mdomo umefungwa."

Jumamosi nikamkabidhi picha. Akaishika mikono miwili, akaitazama, nami nikajifanya nafuta brashi. Akasema, "Anafanana." Akaifunga kwenye kitenge akaondoka, nami nikajiona fundi kuliko mafundi wote wa Ruvuma.

Jumapili zikawa picha tisa mezani, hakuna karatasi. Baada ya misa watu wakapita kuaga. Bibi mmoja ambaye macho yalikuwa yamechoka akainama mbele ya picha yetu, akaanza, "Yesu Maria! Gaudensi naye? Masikini Gaudensi, jana tu kanisalimia!"

Gaudensi alikuwa nyuma yake kwenye foleni. Ni mtu mwenye heshima zake, afanye nini. Akasema, "Shikamoo, bibi."

Rozari ilikwenda upande huu, bibi upande ule. Sijaona mtu wa umri huo akiruka mabenchi. Kanisa zima likapasuka, padri akageukia altare mabega yanamtikisika, na nikamwona Melania anacheka huku ameshika tumbo. Ilikuwa mara ya kwanza tangu habari ije. Nikasema, basi, kazi imekwisha salama.

Haikuwa imekwisha. Mtoto alizaliwa, wa kike, akaitwa Rozi. Akakua na ile picha ukutani. Siku moja, yupo darasa la nne, akaja studio peke yake na sare za shule, amebeba picha kwenye mfuko wa daftari. Akasema shikamoo, nikasema marahaba. Alikuwa akiongea anaweka kiganja mdomoni.

"Wenzangu wanasema sifanani na baba," akasema. "Wanasema yule si baba yangu. Mama akiulizwa anasema niende kupika. Wewe ndiye uliyempiga picha. Ni kweli huyu ni baba yangu?"

Alipoinua uso kiganja kikashuka kidogo, nikaona anachokificha. Mwanya. Mpana, wa katikati, wa kupitisha njiti ya kiberiti. Nikaitazama picha niliyoitengeneza mimi, mdomo umefungwa kwa sheria za Mzee Otmar, sikio la kura ya wengi, nyusi za muuza togwa. Hapakuwa na kitu cha mtoto huyu mle ndani hata kimoja.

Nikamdanganya. Nilisema, "Ndiyo mwanangu, ndiye huyo, nilimpiga mwenyewe." Akashukuru, akarudisha kiganja mdomoni, akaenda. Iliniuma siku ile na imeniuma miaka yote. Kila nilipokutana naye barabarani, msichana, kisha muuguzi wa watu, kisha mama wa watoto, kiganja kipo pale pale mdomoni, nami nilikuwa navuka barabara. Mhehe mzima, namkimbia mtoto.

Kazi nayo ikabadilika. Ikaja rangi, tukaweka filamu kwenye basi kwenda kusafishwa mji wa mbali, zikirudi watu wote wana rangi ya karoti. Mzee Otmar akafariki, watani tukamzika kwa makelele ya kumtosha. Zikaja kamera zisizo na filamu, zikaja simu zenu hizi, wateja wakabaki wa pasipoti na wa vyeti, halafu hata hao wakakatika. Nikafunga studio, nikahamia huku Matogoro kulima mahindi na kugombana na nyani.

Mwaka jana mke wangu akachoka na makopo yangu. Mimi mtu wa zamani, situpi kitu, na kwenye filamu kila nilipokata vipande, kile cha mwanzo chenye zile mbili za kupoteza nilikitupia kwenye kopo la maziwa ya unga. Yalikuwepo makopo saba. Mke wangu akasema panya wamezaana humo, chagua, makopo au mimi. Nikayabeba nje kwenye jua, niyaangalie mara ya mwisho kabla ya kuyachoma.

Lo, wanangu! Nilivyoinua cha kwanza kwenye mwanga, sikukaa tena. Filamu huonyesha kinyume, cheupe kinakuwa cheusi, lakini jicho la fundi linageuza lenyewe. Nikaona kuku wa jirani. Nikaona miguu yangu na viatu nilivyovisahau. Nikaona mama mkwe wa mtu anakuna mgongo kwa mwavuli. Nikamwona Mzee Otmar, nusu yake imeungua, nusu iliyobaki inanikaripia. Picha zote nilizowahi kulipwa, watu walikuwa wamefunga midomo. Humu kwenye za kupoteza ndimo Songea ilipokuwa inaishi.

Kwenye kopo la tano nikainua kipande kimoja. Mwanaume amesimama kwenye mlango wa chumba cha giza, ameegemeza mlango mwingine begani. Upande mmoja umeungua, bega moja na sikio moja havipo. Mdomo uko wazi, anacheka, na katikati ya yale meno meusi kuna mstari mweupe.

Ndipo siku ile ikanirudia yote. Chumba cha giza kilikuwa kinavujisha mwanga, Alfonsi akaja kutuwekea mlango mpya. Mimi nilikuwa naweka filamu. Nikageuka na kamera mkononi, naye akaona inamwelekea, akajificha nyuma ya mlango wake, anapiga kelele, "We Mhehe, usinipige!" Nikamwambia, "Tulia, hii ni ya kupoteza tu. Haitoki." Akachungulia kuhakikisha. Akaamini. Akacheka. Nikafyatua.

Nikakaa chini kwenye mavumbi. Siku zile tatu tulizokwangua na kuchora na kupigia kura masikio, Alfonsi mwenyewe alikuwa kwenye kopo, hatua sita kutoka tulipokaa. Na mimi nilimwambia mjane wake sijawahi kumpiga hata moja. Sikusema uongo, ndicho kinachoniudhi. Kwa hesabu zangu haikuwa picha.

Nikapeleka kile kipande mjini, kwa binti mmoja wa stationari mwenye mashine. Akakigeuza, akakikuza, akakitoa kwenye karatasi nzuri. Akauliza, "Babu, nimfutie hapa palipoungua?" Nikamwambia ukimgusa hata unywele nakushtaki.

Kutoka hapo mpaka kwa Melania ni mwendo wa dakika ishirini. Mimi nilitumia siku tatu. Ya kwanza nilifika kona nikageuka. Ya pili nilifika mlangoni, nikasikia sauti ya Rozi ndani, nikakumbuka mahindi yangu. Ya tatu mke wangu alinisindikiza, akagonga yeye, akaniacha hapo.

Melania sasa ni bibi kizee, miguu inamsumbua, ulimi hausumbuliwi na kitu. "Mtani!" akasema. "Nilidhani ninyi Wahehe mmeshajinyonga wote, kama desturi yenu." Rozi akaniletea kiti, shikamoo na kiganja mdomoni. Gaudensi naye alikuwepo, mzee wa mkongojo, anakunywa chai. Na ukutani ile kazi yangu, imefifia, inaniangalia.

Nikasema yote bila kupumua. Kwamba ya ukutani tuliichora. Kwamba Rozi aliponiuliza nilimdanganya. Kwamba ya kweli nilikuwa nayo, nikaisahau kwenye kopo. Nikatoa bahasha, nikampa Melania.

Aliishika karibu na macho. Chai ya Gaudensi ikaacha kunyweka. Halafu nikaona midomo ya yule bibi inacheza.

"Ndiye," akasema. "Ndiye huyu mjinga. Ona anavyocheka, utadhani ana akili." Na machozi yakamshuka, akayaacha yashuke. "Kumbe, mtani, uliniozesha mume mwingine bila hata mahari!"

"Nisamehe, dada yangu. Siku ile ulisema anafanana."

"Nilijua siye tangu nilipomshika. Nifanyeje? Jumapili ilikuwa kesho, nanyi mlikuwa mmechoka."

Nikasimama, nikanyoosha mkono kwenye ile ya ukutani, niishushe angalau nipunguze dhambi. Melania akapiga kelele. "Mwache! Huyo nimezeeka naye. Namwamkia kila asubuhi, namgombeza mvua isiponyesha. Leo nimpeleke wapi? Mtundike mwenzake pembeni, watazoeana."

"Na mimi je?" akauliza Gaudensi. "Nimekufa kwenye ukuta huu tangu ujana wangu. Nadai kufufuliwa."

"Wewe kunywa chai," akasema Melania.

Rozi alikuwa ameichukua picha kwenye mapaja ya mama yake, anaishika kwa mkono mmoja, mwingine mdomoni. Niliogopa kumtazama. Akasema polepole, kama anayesoma barua, "Mama. Ni wangu. Huu mwanya ni wangu."

"Nilikwambia ni wa baba yako," akasema Melania. "Miaka yote nimekwambia."

"Uliniambia. Sikuuona."

Akasimama, akanipa simu yake, akaenda kusimama ukutani, ameinua picha ya baba yake sambamba na uso wake. Akaniambia, "Babu, tupige pamoja." Kiganja kilikuwa kinapanda mdomoni chenyewe, kwa mazoea, akakishusha, kikapanda tena. Nami nina mazoea yangu. Nikainua simu, na ulimi wangu ukawa umeshakaa tayari kusema lile neno la Mzee Otmar, la kufunga mdomo. Nikalimeza.

Nikamwambia, "Tulia, mwanangu. Hii ni ya kupoteza tu. Haitoki."

Akacheka. Imetoka.